Miti Isiyokosa Kazini

Korogwe,
2 Mei 1970

Mzee wangu Mbwana Sadala,

Shikamoo. Nimefika nyumbani salama. Mama amenipokea kwa wali na samaki, na hapo hapo akaanza kunilaumu kwamba nimekonda kwa kuzunguka maporini kama mtu asiye na kwao. Nimemwambia huko Kwaluguru nina baba anayenilisha ugali kila siku, ndipo akaacha.

Nakuandikia kurudia tuliyokubaliana, maana siku ya kuondoka basi lilikuwa linapiga honi na mambo mengine tuliyasema nusu nusu. Vile vipande ishirini tulivyopima kwenye mahame yenu, pale mlipolima kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa mwaka jana, ndiyo kazi yangu yote ya chuo. Nataka kujua jambo moja: shamba likiachwa, msitu unarudi wenyewe? Wakubwa wa mkoa nao wanataka kujua. Wapo wanaosema mahame yote yapitishwe trekta yalimwe pamba, na wapo wanaosema yaachwe, msitu urudi ulinde maji. Jibu litatoka kwenye daftari lako.

Kila baada ya masika na kila baada ya vuli, pita kipande kwa kipande. Andika miche mingapi ni hai na mingapi imekufa, na jina la kila mmoja, hata likiwa la Kizigua. Usipalilie, usipande, usikate. Hata ukiuona mche unakufa mbele ya macho yako, uache ufe, halafu uandike.

Nimekuwekea madaftari mawili, penseli sita na sukari ya Mama Tatu.

Binti yako,
Mwanaidi Hiza


Kwaluguru,
28 Juni 1970

Kwa Bibi Miti,

Usishangae jina hilo, ndilo wanalokuita hapa kijijini, na mimi naona linakufaa. Sisi hatujambo. Mke wangu Tatu hajambo. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche, waliobaki hawajambo. Baada ya salamu, ripoti.

Unajua mimi nilikuwa mnyapara wa kitalu kwenye shamba la mkonge, karibu na kwenu Korogwe, na kila asubuhi niliita majina ya vibarua. Kwa hiyo mkono wangu umezoea kuandika waliohudhuria, watoro na marehemu. Utanisamehe. Kipande cha kwanza: waliohudhuria thelathini na mmoja, marehemu wanne, mtoro mmoja. Mtoro huyo ni mkwaju, na mbuzi wa jirani anajua alikokwenda. Mengine yote yamo kwenye karatasi niliyoikunja ndani.

Ila mwanangu, marehemu wa vipande vyote ni mia moja na saba. Nilipokuwa kitaluni, miche saba ikifa nilisimamishwa mbele ya ofisi nikaulizwa nilikuwa wapi. Hapa wamekufa mia na saba na hakuna anayeniuliza kitu. Moyo unaniuma. Tena watu wananicheka. Mwenyekiti aliniuliza mbele ya mkutano ninakwenda mahame kulinda nini, magugu? Nikamjibu ninalinda elimu. Wakacheka zaidi.

Naomba ruhusa nijaze mapengo kidogo tu. Kipande cha tisa kinatia aibu.

Wako katika kazi,
Mbwana Sadala


Dar es Salaam,
19 Julai 1970

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma bwenini kwa sauti, wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini, na sasa wote wanamtafuta huyo mkwaju mtoro.

Lakini ruhusa sitoi. Ukijaza pengo moja tu, sitajua tena msitu umefanya nini na Mzee Mbwana amefanya nini. Hao mia na saba ndiyo habari yenyewe.

Sitakuficha kwamba habari ni mbaya. Mwalimu anayenisimamia ametazama karatasi yako akasema kwa mwendo huu hakuna msitu utakaorudi, afadhali trekta, na afadhali mimi nitafute kazi nyingine ya kusomea. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikarudi darasani. Tuone vuli itasema nini.

Binti yako,
Mwanaidi


Kwaluguru,
10 Januari 1971

Bibi Miti,

Vuli imesema vizuri. Marehemu ni tisa tu kwa vipande vyote. Kipande cha tisa kilichokuwa na mapengo sasa kimejaa. Mungu ni mwema.

Mmasai Mepukori, anayepitisha ng'ombe kwenda kisimani, amekubali kuzunguka. Nilimweleza kwamba hapa pana kazi ya serikali.

Mwambie huyo mwalimu wako asikulize tena. Tatu anakusalimu, anasema mgongo unamuuma, lakini huo ni uzee.

Mbwana Sadala


Dar es Salaam,
6 Machi 1972

Mzee wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Kaa kwenye kiti ndipo usome. Nimepewa kazi ya kufundisha hapa chuoni. Binti wa Korogwe, ambaye mama yake anauza nyanya sokoni, anasimama mbele ya vijana arobaini na kuwaeleza jinsi ardhi inavyojivika majani tena. Na ninachowaeleza ni Kwaluguru. Nimewachorea ramani ya vipande vyako ubaoni. Wanakujua kwa jina.

Yule mwalimu aliyenishauri nitafute kazi nyingine amekiri mbele ya watu kwamba alikosea. Kila masika vifo vinapungua. Anasema mahame yenu ni ya ajabu, na mimi nasema ndivyo msitu ulivyo, ukiachwa unajua njia ya nyumbani.

Furaha yangu nakuletea nusu yako.

Mwanaidi


Kwaluguru,
17 Februari 1974

Bibi Miti,

Tunamshukuru Mungu, ingawa mvua imekataa. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Tunakula muhogo na tunapata unga wa msaada, usiwe na wasiwasi.

Ripoti: marehemu watatu. Mikongo yote, ile miti ya mbao ngumu, imehudhuria.

Huku kwetu mambo yamebadilika. Operesheni ya vijiji imewahamisha na wale waliokuwa wamebaki mbali, kwa hiyo mahame yameongezeka mpaka upande wa Kabuku.

Tatu hasemi nami vizuri siku hizi kwa sababu ya ndoo na kisima. Hayo ni ya nyumbani, sijui kwa nini nimeyaandika.

Mbwana Sadala


Dar es Salaam,
2 Septemba 1974

Mzee wangu,

Shikamoo. Jana nimesoma matokeo yetu mbele ya wakubwa wa misitu na kilimo. Nilipofika kwenye mwaka huu wa ukame, kwamba Kwaluguru wamekufa watatu tu, wakubwa waliweka kalamu chini. Halafu wakauliza maswali saa nzima.

Sikiliza walivyoamua. Mahame yote mapya yataachwa, trekta haitapita. Na lile jambo la kujenga kitalu kikubwa cha miche ya misitu wilayani wameliahirisha, kwa sababu Bibi Miti amewathibitishia kwamba msitu unarudi wenyewe hata mvua ikikosekana. Watasaini mwezi Januari. Mzee wangu, maelfu ya eka zitapona kwa ajili ya daftari lako.

Novemba nitakuja na wanafunzi kumi na wawili. Wanataka kukuona wewe kuliko wanavyotaka kuiona miti.

Mwanaidi


Kwaluguru,
30 Septemba 1974

Kwa Bibi Mwanaidi Hiza,

Barua nimepata. Nakushauri wanafunzi wasije mwaka huu. Barabara kutoka Segera ni mbaya. Pia nyuki wamehamia kipande cha tisa, nyuki wakali sana. Pia simba ameonekana. Mimi sikumwona, lakini ameonekana.

Kuhusu kile kitalu, mimi si msomi, ila nashauri wakubwa wasikiahirishe. Kitalu ni kitu kizuri. Waambie hivyo.

Mbwana Sadala


Korogwe,
30 Novemba 1974

Mzee Mbwana,

Shikamoo. Nimeondoka bila kukuaga, na nimelelewa kuaga wakubwa, kwa hiyo ujue nilivyokuwa nimeumia.

Sikuona nyuki wala simba. Miaka minne nimekuja mara mbili tu, tena mbio mbio, nikapima vile vipande vilivyo karibu na njia nikarudi na basi la jioni. Hilo ni kosa langu. Safari hii tuliingia mpaka katikati. Pale kipande cha tisa, binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, msitu wa asili huota kwa mstari?"

Nikatazama. Mikongo saba mstari mmoja, hatua tatu kati ya mti na mti, imenyooka kama mkonge. Nikaenda kipande cha kumi, vivyo hivyo. Nikageuka kukutafuta, nawe ukawa unatazama ndege. Mepukori alikuwa amesimama na fimbo yake. Nikamuuliza, naye akasema bila kuona ubaya wowote kwamba mzee huyu na mkewe wamebeba maji ukame mzima, hata watu wakadhani wamerogwa.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Nimesimama mbele ya taifa zima nikasema uongo kwa kinywa changu, nikidhani ni kweli. Nikinyamaza, Januari watasaini, na ardhi yote ile itakaa ikingojea msitu ambao hautakuja. Nikisema, miaka yangu minne imekwenda na maji, na huenda hata kazi. Na hata nikisema, niwaambie nini? Sijui ni mti gani wa Mungu na ni upi wako. Namba zako zote sasa nazitazama kama mtu anayetazama noti asiyojua kama ni halali.

Mwanaidi Hiza


Kwaluguru,
9 Desemba 1974

Mwanangu Mwanaidi,

Nimekosa. Naliandika hilo kwanza ili lisije likapotea katikati ya maneno.

Nilianza siku ya tatu baada ya kupata barua yako uliyosema umelia. Sikuweza kuvumilia wewe ulie kwa ajili ya miche. Nilikwenda bondeni kwenye ule msitu mdogo uliobaki, nikang'oa miche chini ya mikongo mama, nikaileta na udongo wake, nikaipanda palipokufa mingine, na kwenye ripoti yako nikaandika kwamba wamehudhuria. Kila mmoja nimeuzungushia matawi ya miba, kwa ajili ya jua na mbuzi. Kupanda bila mstari mimi siwezi, nimejaribu, miguu inahesabu hatua yenyewe. Ukame ulipokuja tulibeba maji, mimi na Tatu. Yeye alinikataza tangu mwanzo. Alisema, "Binti wa watu alikuambia uhesabu. Hakukuambia umfurahishe." Sikumsikia.

Lakini kuna lingine sijakuambia. Nilijisifu kwako kwamba nilikuwa mnyapara wa kitalu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho, nilipoanza kuzeeka. Kabla ya hapo, miaka kumi na tisa, nilikuwa mnyapara wa kukata msitu. Palipo na mkonge wote ule palikuwa na miti, na mimi ndiye niliyesimamia watu themanini wenye mashoka. Mikongo ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki, tuliiangusha kabla ya chakula cha mchana, nami nikaandika eka daftarini nikaenda kula. Sikuwahi kuona hata mmoja umerudi. Ulipokuja na kamba yako ukaniambia msitu unarudi wenyewe, nilikuamini kama mtoto. Halafu nikawahesabu marehemu mia na saba. Nikaogopa kwamba nitakufa bila kuona, na nilichokikata nimekikata milele.

Sasa hilo la kutojua mti upi ni wa nani. Mnyapara hana kazi isiyo na daftari. Tangu siku ya kwanza nimeandika daftari la pili: kila mche niliopanda, kipande gani, mstari gani, tarehe, maji ndoo ngapi, umeishi au umekufa. Ni mia nne na kumi na mbili. Ambao hawamo humo ni wa Mungu. Sikulileta kwako kwa aibu. Mepukori anakwenda mnada wa Korogwe, nimempa alilete kwa mama yako mkononi.

Kama hutajibu, nitaelewa.

Mbwana Sadala


Dar es Salaam,
25 Januari 1975

Mzee wangu,

Shikamoo. Daftari limefika, na harufu ya ng'ombe juu. Nimelisoma siku nne mfululizo, na ni safi kuliko la mwanafunzi wangu yeyote.

Nimekwenda kwenye mkutano kabla hawajasaini. Nikawaambia: niliyosema Septemba si kweli. Kwenye ardhi ile iliyochoka, karibu kila mche ulioota wenyewe ulikufa ukame ulipokuja. Ilibaki ile iliyopandwa na mzee mmoja na mkewe, kwa miba na ndoo. Wengine walinung'unika, mmoja akasema afadhali wasichana waachiwe shule za msingi. Lakini Bwana Kaleb, mzee wa idara ya misitu ambaye husinzia mikutanoni, aliamka. Aliuliza wazee wawili wamewezaje kuokoa miche zaidi ya mia tatu kwenye ukame, wakati kwake yeye, kwenye vitalu vyenye mabomba, inakufa? Nikamsomea daftari lako. Akaomba nirudie ile sehemu ya miba.

Kitalu kitajengwa, Kabuku. Mahame hayatapitishwa trekta, yatapandwa miti. Wameomba uwafundishe vijana watakaofanya kazi pale. Mimi sijafukuzwa. Nimeambiwa nianze upya, na nikacheka kwa furaha kama mwendawazimu.

Ila hasira yangu haijaisha yote, nakuambia ukweli. Bado nataka jibu la swali langu la kwanza. Kwa hiyo tumepima vipande kumi vipya kwenye mahame ya upande wa pili, cha ishirini na moja hadi cha thelathini. Vile vya zamani ni vyako, panda unavyotaka, kwa mstari au kwa mviringo. Hivi kumi usiguse. Wenzangu hapa wamenishauri nimtafute mtu mwingine wa kuhesabu. Nimekataa, lakini sijalala usingizi mzuri tangu nikatae.

Mwambie Mama Tatu ningemsikiliza yeye tangu mwanzo.

Mwanaidi


Kwaluguru,
21 Juni 1976

Mwanangu, Bibi Miti,

Sisi wazima. Kabuku nakwenda kila Jumanne, vijana wananiita Mwalimu Miba. Nimewafokea wawili, mmoja amelia, sasa wanafanya kazi vizuri. Tatu hataki tena kusikia neno ndoo, na ana haki.

Ripoti ya vipande vipya, baada ya masika. Cha ishirini na moja, waliohudhuria watano, marehemu kumi na mmoja. Cha ishirini na mbili, hakuna aliyehudhuria. Cha ishirini na tatu, mgunga mmoja, marehemu tisa. Vingine vyote nimeandika kwenye karatasi, vinafanana na hivyo. Nimesimama nikawatazama wakifa, mikono nyuma. Kuna mche mmoja nilikaa nao mpaka jua likawa kali, nikauomba radhi, nikaenda zangu. Sikugusa hata mmoja. Ni kazi ngumu kuliko kubeba maji.

Sasa cha ishirini na nne. Karibu na kichuguu umeota mkongo. Una majani manne. Sikuupanda. Ganda la mbegu yake lilikuwa bado pale, jeusi, na mavi ya ndege pembeni, nadhani ni hondohondo ametoka nayo kule bondeni. Haumo kwenye mstari wowote, nimepima kwa hatua mara tatu kuhakikisha.

Ninajua mimi ndiye mtu wa mwisho duniani anayestahili kukuambia habari hii. Ningekuwa wewe nisingeamini. Nilimwita Tatu aje aone, akatazama mti, akanitazama mimi, akasema, "Mbwana, kweli?" Nikamwapia, na machozi yakanitoka mbele ya mke wangu, mimi mzee mzima, kwa ajili ya majani manne. Miaka kumi na tisa nimekata, na huu ndio mkongo wa kwanza kuuona umerudi kwa miguu yake.

Andika au usiandike, ni juu yako. Mimi nimeona.

Mbwana Sadala


Dar es Salaam,
8 Julai 1976

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika asubuhi, nikiwa darasani. Niliifungua hapo hapo, nikashindwa kuendelea na somo, wanafunzi wakadhani nimefiwa. Ikabidi niwasomee.

Tuna jedwali kubwa ukutani, na safu ya miche iliyoota yenyewe na kuhimili masika kwenye cha ishirini na nne ilikuwa sifuri mwaka mzima. Nimeifuta kwa raba, nikaandika moja. Bwana mmoja wa idara aliyekuwa anapita mlangoni akauliza ni nani aliyethibitisha, au nitakwenda kwanza kukagua. Nikamwambia hakuna haja. Amethibitisha Mzee Mbwana Sadala wa Kwaluguru.

Akaitikia kwa kichwa akaenda zake, nasi tukaendelea na somo.

Binti yako,
Mwanaidi Hiza